Brashi ya Nywele Mbili

Tarehe 3 Machi

Mkwe wangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumba nzima ni mimi na paka, na paka hana habari na mtu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna brashi ya kunyolea, mpya kabisa. Usiione ndogo. Nimeiagiza kwa fundi anayezitengeneza kwa mkono na nimeingoja miezi minne. Nywele zake ni za aina mbili. Nusu ni singa za mkia wa farasi, nusu ni za mnyama mmoja wa nchi za baridi, jamaa yake nyegere. Singa ni ngumu, zinasukuma. Hizo nyingine ni laini, zinakunywa maji. Kwa sasa hazielewani hata kidogo. Ukiichovya leo, laini zitakunywa maji yote na ngumu zitakukwaruza, nawe utasema mzee huyu amenitumia ufagio. Vumilia tu. Wala usidhani nazungumzia ndoa, nazungumzia brashi.

Inazoezwa hivi. Kila asubuhi iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, nywele peke yake, maji yasifike kwenye mpini maana pale ndipo penye gundi. Usiichemshe! Kuna bwana mmoja alichemsha ya kwake ili kuua vijidudu, akabaki na mpini. Ikung'ute, ipake sabuni, izungushe kiganjani mpaka povu lisimame, halafu ipeleke kidevuni. Kidevuni ndipo kwenye shule yenyewe. Kiganja hakizoezi brashi. Ni vile vishina vya ndevu vilivyoota usiku vinavyosugua ncha za singa mpaka zilegee. Ukimaliza isuuze, itundike kichwa chini. Mwezi mmoja na nusu, bila kuruka hata siku.

Katika nyumba yetu, mwanamume anayeoa hupewa brashi mpya na baba mkwe, akaizoeza mwenyewe. Mimi nilipewa. Wewe umechelewa kupewa kwa sababu nilitaka iliyo bora, na nitakwambia kwa nini. Siku ile ulipokuja kujitambulisha, ndugu zangu walikuwa wananong'ona: mwalimu wa darasa la kwanza, atamlisha nini binti yetu? Mimi nilikuwa natazama kidevu. Saa kumi jioni, umetoka safari ya siku nzima, na kidevu hakina hata kivuli! Hakuna chembe, hakuna kipele, hakuna mkwaruzo. Nimeshika wembe miaka arobaini na moja na mimi mwenyewe sijinyoi hivyo. Nikawaambia, kijana mwenye mkono kama huu si mzembe, mwacheni apite.

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, njoo na brashi. Kuna jambo nataka kwako, si la kuandika. Mkeo Mkasi ameniambia chuo cha ukunga kinamshikilia mpaka Agosti, basi asubuhi zote ni zako, hakuna wa kukugombeza bafuni.

Usinipigie simu. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri.

Baba mkwe wako,
Kinyozi


Tarehe 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepokea kifurushi salama na sina maneno ya kukushukuru. Brashi ni nzuri mno. Nimeanza kuizoeza kama ulivyoelekeza. Inanuka kidogo, kama zizi lililonyeshewa, lakini naamini itapungua.

Jana jioni nilipojipaka povu ilinikwaruza sana kidevuni, lakini nilivumilia kiume. Wembe ulipita bila shida yoyote.

Juni nitakuja bila kukosa.

Mtoto wako,
Mwalimu


Tarehe 10 Machi

Mke wangu Mkasi,

Baba yako ameniletea balaa lililofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Ametuma brashi ya kunyolea. Anataka niizoeze kwenye ndevu zangu. Ndevu zipi? Wewe unakijua kidevu changu kuliko ninavyokijua mimi. Chuoni waliniita Yai, na jina likanifuata hadi kwenye shule ya kwanza niliyopangiwa. Nimefikisha miaka ishirini na tisa na nina unywele mmoja chini ya shavu la kushoto, nao uliusifia wewe kwa huruma.

Kumbe mzee alidhani najinyoa! Anasema ndiyo sababu alinikubali. Mkasi, unaelewa? Yule mzee alinikubali kwa kazi ya wembe ambao sijawahi kuushika maishani. Nimemjibu kwa uongo leo hii, nikasema nilinyoa jana jioni. Baba yangu sikumjua. Huyu wa kwako ndiye mtu mzima wa kwanza kunitazama na kusema huyu ni mwanamume kamili, na alikuwa ananitazama pahali pasipo na kitu. Naogopa akijua atajiona amefanywa mjinga mbele ya ndugu zake, na mimi nitarudi kuwa Yai.

Nifanyeje? Sokoni huku nyanya ni ghali, lakini nakula tu. Nakukumbuka sana.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 17 Machi

Mume wangu,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata habari mbaya. Nilikuwa na mitihani ya vitendo siku tatu mfululizo, nimeshika kichwa cha mtoto kikitoka, halafu naja kusoma habari za kidevu.

Mwambie ukweli. Baba yangu hana kinyongo, ana kelele tu. Tena umekosea: umesema ulinyoa jioni. Kwa baba yangu mtu hunyoa asubuhi. Jioni ni kwa wagonjwa na wachumba. Amekushtukia tayari, nakuhakikishia.

Mwambie haraka, kabla uongo haujaota ndevu wenyewe.

Wako,
Mkasi


Tarehe 24 Machi

Mkwe wangu,

Harufu itaisha wiki ya tatu, ni farasi huyo anaaga. Lakini jioni? Nani kakufundisha kunyoa jioni? Nimeisoma sentensi ile mara mbili nikajiambia, labda walimu asubuhi wana haraka. Sawa. Kila mtu na mkono wake, na wa kwako nimeuona unavyofanya kazi.

Sasa nataka kitu. Brashi mpya hunyonyoka kidogo mwanzoni. Usiogope. Zile nywele zinazodondoka kwenye beseni zikusanye, zikaushe, zitie kwenye bahasha uniletee. Nikizitazama ncha nitajua imefika wapi. Ncha ikiwa bado kali, hujaisugua vya kutosha. Ikiwa imechanika kidogo kama uzi uliotafunwa, inakubali.

Samahani kwa mwandiko. Nimeandikia juu ya goti.

Baba mkwe wako,
Kinyozi


Tarehe 2 Aprili

Mke wangu,

Usinigombeze. Sijamwambia, lakini nimepata ndevu.

Unamkumbuka Fundi Baiskeli wa pale chini, mwenye kibanda karibu na bomba la maji? Yule ana ndevu kama waya wa breki. Hunyoa mara moja kwa wiki, kwa sabuni ya kufulia, kisha analalamika wiki nzima. Nikamwendea nikamwambia, Fundi, nataka kukupaka povu kila asubuhi, bure. Akaniangalia kama nimeugua. Nikamweleza yote. Alicheka akaangusha spana. Kisha akasema, "Leta hiyo farasi yako."

Basi sasa kila siku saa kumi na mbili na nusu, kabla sijaenda shule, Fundi anakaa kwenye kreti, mimi nampaka povu. Namzungushia brashi dakika tatu nzima kwa saa yangu. Mara nyingi baadaye anafuta tu, lakini Jumamosi anajinyoa, akijitazama kwenye kioo cha baiskeli ya mteja na kusuuza wembe kwenye beseni langu. Wapita njia wamezoea. Mama muuza mkaa huniita Daktari wa Ndevu.

Na nikwambie kitu, Mkasi. Ile brashi inabadilika! Wiki ya kwanza povu lilikuwa jembamba, linatiririka mpaka kwenye kola ya Fundi. Sasa linakaa. Ukiibonyeza inarudi yenyewe. Nimeanza kuipenda na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu naipenda kwa kidevu cha mtu mwingine.

Leo nimemtumia Baba zile nywele zilizonyonyoka, nilizikusanya kwenye beseni. Nimemwandikia mistari miwili tu, nikasema naendelea vizuri. Haukuwa uongo, au siyo?

Wako,
Mwalimu


Tarehe 13 Aprili

Binti yangu Mkasi,

Nakuandikia wewe kwanza, sijamwandikia yeye, kwa sababu nataka nitulie.

Mumeo ana umri gani hasa?

Nilimwomba nywele za brashi. Ameleta. Nimezimwaga kwenye karatasi nyeupe dirishani, nikatoa kioo changu cha kukuzia. Singa zinakwenda vizuri, ncha zinafunguka, kazi safi. Lakini katikati yake kuna vishina vya ndevu, vitano. Vyeupe! Vyeupe kama chumvi, vinene, na vimekatwa mshazari kama ndevu za mtu aliyeanza kunyoa zamani. Hizo ni ndevu za mtu wa miaka hamsini. Arobaini na nane, nikimhurumia.

Nikakaa nikaunganisha mambo. Kumbe ndiyo maana ananyoa mpaka kwenye mzizi, hadi kivuli hakionekani. Anaficha mvi! Na kichwani lazima anapaka rangi. Nilisifu mkono wake mbele ya ndugu zangu, kumbe mkono wenyewe ulikuwa wa kunidanganya mimi.

Mkasi, mimi si mtu wa kuchagulia mtu umri. Angekuwa na miaka hamsini akasema nina hamsini, ningempa kiti. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na jambo kubwa la kumwomba, jambo ambalo siwezi kumwomba mtu nisiyemwamini. Sasa sijui.

Niambie ukweli wewe.

Baba yako


Tarehe 19 Aprili

Mwalimu,

Nimekunakilia barua ya Baba nyuma ya karatasi hii. Isome ukiwa umekaa.

Nimemjibu kwa sentensi moja: ana miaka ishirini na tisa, nimeona cheti cha kuzaliwa, mengine muulize mwenyewe. Sitakusemea. Mimi nazalisha watoto wa watu, siwezi tena kumzalisha mwanamume mzima ukweli wake.

Nimekasirika kidogo na nakupenda sana. Mwandikie leo. Si kesho, leo.

Mkasi

Nimecheka kidogo pia. Rangi ya nywele! Wewe, uliyeshindwa kuchagua hata rangi ya pazia.


Tarehe 24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ya nne ndiyo fupi kuliko zote kwa sababu nimeondoa visingizio.

Sina ndevu. Sijawahi kuwa nazo. Ule uliouona siku ile si mkono wangu, ni ngozi yangu tu, nilizaliwa nayo. Sijawahi kushika wembe isipokuwa kuchongea penseli za wanafunzi. Niliposema nilijipaka povu jioni na kuvumilia kiume, nilitunga. Hata jioni niliichagua bila kujua kuwa haifai.

Vishina vyeupe ulivyoviona ni vya Fundi Baiskeli, jirani yangu, ana miaka hamsini na mbili. Umekosea kwa miaka miwili tu. Nilimpaka povu kila asubuhi ili brashi ipate kidevu. Hilo nililifanya kwa moyo, Baba, na siku sikuruka. Brashi yako imezoezwa kweli. Mimi ndiye sikuwa wa kweli.

Nilinyamaza kwa sababu ulinisifu. Sikuwa nimewahi kusifiwa hivyo na mtu wa umri wako, nikaona nikae ndani ya sifa ile siku mbili tatu, na siku zikawa wiki sita. Naona aibu. Naona aibu zaidi kwamba ulikuwa na jambo la kuniomba, na nimekufanya usite.

Ukitaka brashi nitairudisha kwa posta. Ukitaka nije nayo mwenyewe, nitakuja. Ukisema nisije, nitaelewa, lakini naomba usiseme hivyo.

Mtoto wako, kama bado,
Mwalimu


Tarehe 14 Mei

Mke wangu,

Wiki tatu kimya. Leo asubuhi bahasha imefika, nami sijaifungua. Iko mezani, nimeiwekea kikombe juu kana kwamba itaruka.

Ni mwandiko, Mkasi. Mimi kazi yangu ni kutazama miandiko ya watoto mchana kutwa. Nikiona herufi kubwa zisizokaa kwenye mstari, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka, najua mtoto huyu ana hasira. Jina langu kwenye bahasha liko hivyo. Herufi ya kwanza peke yake ni kubwa kama yai la bata. Nikatoa barua zake za nyuma nikazilinganisha, na hata ile ya Machi ilianza kupanda mlima. Sikuona, nilikuwa na shughuli ya kuogopa mengine.

Fundi anasema niifungue, anataka kujua kama kesho atapakwa povu au arudi kwenye sabuni ya kufulia. Amezoea, maskini. Jana nilichelewa akaja kunigongea mlango akiwa na taulo shingoni.

Naifungua sasa. Nikimaliza nitakuandikia tena, au nitakuja huko chuoni kulia mlangoni.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 7 Mei

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani. Nilipofika pale penye penseli nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikacheka mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, miaka arobaini na moja natazama videvu vya watu, na nimedanganywa na kidevu kisichoota kitu! Akacheka naye. Atawaambia wengine. Mwache aseme.

Ulivyosema uongo umenikera, sikufichi. Usirudie. Yamekwisha.

Sasa sikiliza, maana na mimi nina ya kwangu, na hii barua naiandika siku ya nne leo kwa sababu mkono unachoka.

Mwandiko huu si wa kuandikia juu ya goti. Mkono wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka jana, kidole kimoja, nikasema ni baridi. Mwezi wa Januari nilimkata mteja chini ya sikio, mtu niliyemnyoa tangu hajaoa. Alisema si kitu. Nikamfuta damu, nikafunga duka saa nne asubuhi, na tangu siku ile sijashika wembe juu ya mtu. Nafungua duka, nafagia, nakaa. Wakija nasema leo wembe haujanolewa. Mkasi hajui.

Na mimi mwenyewe sijinyoi, siwezi. Sitaki kwenda kwa kinyozi mwingine mjini hapa, nikae kwenye kiti chake, anione. Nina ndevu za miezi minne, Mwalimu. Paka hanitambui.

Ndilo jambo lenyewe. Nilijua tuna fundi katika familia, mwenye mkono kuliko wangu, nikasema huyu ndiye atakayeninyoa nisione haya. Brashi ile niliyokutumia haikuwa ya kidevu chako peke yake. Nilitaka iwe imelainika ikifika usoni kwangu, maana ngozi ya mzee haipendi ufagio.

Ulipoandika hujawahi kushika wembe nilisikitika siku mbili. Siku ya tatu nikafikiri. Nimefundisha vijana wengi, na wagumu kufundishika ni wale wanaojua kidogo. Wewe hujui chochote. Tena umempaka povu mtu mzima siku arobaini bila kuruka, mtu asiye ndugu yako, kwa sababu mzee mmoja alikuambia usiruke. Mkono unaweza kufundishwa. Hilo lingine sijui hufundishwa wapi.

Na suala la kidevu, niliwaambia ndugu zangu hivyo kwa sababu sikutaka kuwaeleza sababu yenyewe. Binti yangu toka mdogo hajawahi kumwacha mtu afike mwisho wa sentensi. Ndiyo maana anaitwa Mkasi. Siku ile wewe uliongea pole pole, ukakwama, ukaanza tena, na yeye akangoja. Nilimwona akingoja. Kidevu kilikuwa nyongeza.

Njoo Juni. Uso wa kujifunzia upo.

Baba mkwe wako,
Kinyozi


Tarehe 13 Juni

Mke wangu,

Nakuandikia kutoka kwenye chumba chako cha zamani. Kitanda bado kifupi.

Baba alinifungulia mlango nikataka kumwamkia, nikashindwa kwa kuona zile ndevu. Nyeupe, zimefika kwenye kifungo cha pili cha shati. Akasema, "Usicheke. Wewe huna hata haki ya kucheka." Basi tukacheka wote.

Siku mbili za kwanza hakunipa wembe. Alinipa puto. Nilipaka povu kwenye puto, nikanyoa puto. Nimepasua saba. Siku ya tatu akapunguza ndevu kwa mkasi, mkono wa kushoto, akakaa kitini, akajifunika shuka mwenyewe, akafunga macho na kusema, "Anza na povu. Povu unalijua."

Na kweli nalijua, Mkasi. Niliiloweka brashi, nikaikung'uta, nikaizungusha kiganjani. Povu likasimama zito kama maziwa ya kuganda. Nikampaka. Akasema, "Hii imeiva. Mpe salamu zangu Fundi." Niliposikia hivyo nikataka kulia, lakini nilikuwa nimeshika wembe wake ule wa kukunja na nilihitaji macho yangu.

Nimemkata mara tatu. Mara ya kwanza nilitupa wembe chini, nikasema basi. Akasema bila kufungua macho, "Okota. Osha. Pale pale ulipoachia." Kila nikipeleka wembe kooni alikuwa anakaza shingo, mikono imeshika kiti. Yeye hasemi lakini naona. Anaogopa na anakaa. Sijawahi kuona mtu akifanya kitu kigumu hivyo kwa ajili yangu.

Kuhusu mkono wake, nilimwomba akuandikie mwenyewe. Amekubali, ila anasema nisimharakishe. Tumekubaliana pia kwenda hospitali Jumatatu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika wembe, akakubali.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 27 Juni

Binti yangu Mkasi,

Herufi hizi mbovu ni zangu, usishtuke. Mkono wangu unatetemeka na nilikuficha. Nisamehe. Daktari ametoa dawa, amesema hautapona lakini utatulia kidogo, na kwamba nimechelewa kwenda. Nimegombezwa na mtoto wa miaka thelathini mwenye kitambulisho shingoni. Ungefurahi.

Duka nimelifungua tena, la nywele tu. Mashine ya umeme haijali mkono ukitetemeka kidogo, na nitamchukua mtu wa wembe. Kuhusu hilo msihangaike.

Mumeo anarudi kesho, shule zinafunguliwa. Ameninyoa siku kumi na sita. Kumi za kwanza zilikuwa za kukatwa na kuvumilia, sitaki kuzungumza. Baadaye akawa hanikati, lakini mimi nikawa bado nakaza shingo, siwezi kuiachia. Kazi yetu ina kipimo kimoja ambacho hakuna kinyozi humwambia mteja. Mtu akikuamini kweli, hulala. Wembe uko kooni na yeye anakoroma. Nimelaza wanaume wengi kwenye kile kiti, majaji na wezi. Mimi mwenyewe sijawahi kulala mikononi mwa mtu, hata kwa baba yangu aliyenifundisha.

Leo asubuhi alinipaka povu, akaanza shavu la kulia, akawa ananisimulia habari za mtoto mmoja darasani kwake anayeandika saba kichwa chini. Sikumbuki ilivyoisha.

Nilipofungua macho uso ulikuwa umeoshwa, shuka limekunjwa, duka limefagiwa. Yeye amekaa kwenye benchi la wateja, ananingoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema nilikuwa nimelala vizuri.

Baba yako